Jiweni Hakuna "Si"

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili ni la Wifi. Alilinunua aandikie mambo ya kliniki, akaandika ukurasa mmoja, akachoka, akauchana. Leo asubuhi nilipomuuliza kwa mara ya tatu kama miguu yake imevimba, akaniletea daftari na kalamu. Akasema, "Wasiwasi wako uandike humu, wifi yangu. Masikio yangu yamejaa." Kisha akarudi kumenya viazi.

Basi naandika. Mvua imeanza leo saa tisa alasiri, na sidhani kama itaacha kabla ya Juni. Wifi, mke wa Kaka, ana mimba ya miezi saba kasoro. Mtoto wao wa kwanza alitolewa kwa kisu hospitalini, miaka miwili iliyopita, akaishi siku moja. Safari hii daktari amemkanya kabisa asizalie huku juu. Anatakiwa ashuke mwezi mmoja kabla, akasubirie hukohuko. Hospitali iko ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nne kwa mwenye miguu mizima. Kwa mtu wa kubebwa sijui ni saa ngapi, na sitaki kujua.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Shule yetu ina vyumba viwili, na leo vyote vimevuja. Fundi seremala amekuja kuangalia paa. Huyu mtu ananichosha. Hatazami mbao, anazigonga kwa kipini cha nyundo na kutega sikio, kama daktari wa kifua, watoto wakamkodolea macho na somo likaishia hapo. Akaniambia boriti ya tatu imeoza ndani. Nikamwambia naiona nzima. Akasema macho yangu ni ya kusomea, masikio yake ni ya kazi. Kisha akasema misumari "hamna", nikamsahihisha: hakuna. Akajibu, "Hakuna, na hamna pia."

Boriti ya tatu imepasuliwa. Ilikuwa imeoza ndani.

Jumamosi, 9 Machi

Huku kwetu simu ni tochi. Mtandao uko kileleni, saa mbili za kupanda, na msimu wa mvua hata kilele chenyewe hakionekani. Kwa hiyo tunaita. Mwitaji ni Baba, tangu kabla sijazaliwa. Mwisho wa shamba letu, pale ardhi inapokatika, pana Jiwe, na yeye husimama juu yake akaita. Upande wa pili wa bonde huitikia mwanamke tunayemwita Mama Ng'ambo, ambaye hupeleka habari zetu barabarani na hospitalini, na za huko akatuletea sisi. Wamesemezana miaka thelathini na wameonana uso kwa uso mara mbili. Baba anasema mara ya pili hawakuwa na la kuzungumza.

Leo jirani alimtuma Baba aite kwamba wasimletee mbegu, amepata kwingine. Baba akaita, "Mbegu anazo." Nikamwambia hayo siyo maneno aliyotumwa. Akanijibu lile analonijibu kila mwaka, kwamba Jiweni hakuna "si". Upepo huanza kula kilicho katikati. Ukiita "msilete", ng'ambo inafika "mlete", na gunia la mtu linapandishwa mlima bure. Ukiita "hajafa", wanasikia "kafa", na wenzako wanaanza kulia. Mwitaji husema kilichopo, hasemi kisichopo. Watu wasije ni "bakini". Mgonjwa hajafa ni "mzima".

Nilimwambia mimi nimesomea Kiswahili chuoni miaka mitatu, na kukanusha ni nusu ya lugha. Baba akasema nusu hiyo niifungie darasani.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Wifi anakula udongo kwa siri. Nimeuona kwenye meno.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemuuliza Kaka ni lini atamshusha mkewe. Kaka ni mtu wa taratibu, hata akiungua hupuliza kwanza kidole halafu ndio aondoe mkono motoni. Akasema baada ya kuvuna maharage, kama tarehe ishirini Aprili. Nimehesabu kwenye kalenda ya darasani kwa kidole. Tarehe ishirini Aprili zitabaki wiki tatu na ushee. Daktari alisema mwezi. Kaka anasema wiki tatu na ushee ni mwezi, kwa mtu asiye mwalimu.

Jumanne, 19 Machi

Fundi ametoka mtoni. Daraja alilijenga yeye miaka minne iliyopita, magogo matatu na kamba ya chuma ya kushikia. Anasema gogo moja limeanza kuchoka upande wa ng'ambo, karibu na nguzo. Nikamuuliza litadumu hadi lini. Akasema daraja huwa halidanganyi, likichoka linalia, na hili bado linanung'unika tu. Anahitaji siku tatu za jua mfululizo ili akate gogo jipya na kulivuta hadi mtoni.

Nimeangalia mbingu. Sioni siku tatu za jua mahali popote.

Jumapili, 24 Machi

Mvua.

Ijumaa, 29 Machi

Baba anakohoa. Amekatazwa kwenda Jiweni, na amekwenda. Niliposema naye akanitazama tu, kisha akavaa koti la mvua upande wa ndani nje ili, nadhani, kunionyesha kwamba ni koti lake.

Jumanne, 2 Aprili

Sauti ya Baba imekwisha. Amebaki na mluzi mdogo kooni, na yeye mwenyewe anaucheka, akicheka anakohoa. Kijiji kikaketi kuamua nani aite, na wote wakanigeukia mimi, kwa kuwa eti nimezoea kupiga kelele. Nimekubali, lakini nimelala vibaya, nikiota nimesimama Jiweni na neno limenikwama.

Jumamosi, 6 Aprili

Siku ya nne ya uitaji wangu, na nimeshakuwa kichekesho. Jana wachuuzi wawili waliokuwa wakishuka walisimama Pumzikoni. Hapo ni penye kiwanja kidogo chini kabisa, hatua mia kabla ya daraja, ambapo kila anayeshuka hupumzika na kusubiri neno kutoka juu, maana mto uko nyuma ya kona na yeye hauoni. Sisi Jiweni tunauona. Sauti ya Jiwe inaanguka moja kwa moja hapo Pumzikoni. Ya Mama Ng'ambo sisi tunaisikia, lakini wao hawaisikii, mto unaimeza. Na ukishapita Pumziko husikii tena mtu yeyote, ni maji tu.

Maji yalikuwa chini, nikawaita wavuke. Baba angesema "vukeni", neno moja, basi. Mimi nikaita, "Mvuke." Fundi alikuwa shambani kwetu anachonga mpini, akalala chini kwa kicheko. Anasema mlima mzima hapajawahi kutokea mtu wa kuwaambia wachuuzi "mvuke", kana kwamba anamwandikia barua mwalimu mkuu. Leo kila anayekutana nami njiani ananiambia "mvuke, Mwalimu, mvuke". Wifi alicheka hadi akashika tumbo, nami nikaingiwa na hofu, nikamwomba aache kucheka.

Jumanne, 9 Aprili

Nimegombana na wote wawili. Nilisema mbele ya chakula kwamba Kaka anapenda maharage kuliko mke, na kwamba Wifi ni mvivu wa safari. Kaka akaondoka na sahani yake. Wifi akabaki.

Hakukasirika. Aliniambia taratibu, akifuta meza, kwamba kila siku mimi huhesabu siku zilizobaki, na yeye pia huzihesabu. Lakini mimi nikihesabu naona hospitali mwisho wake, yeye anaona kitanda. Ni kile cha dirishani. Kule alikaa siku tano baada ya mtoto kufa, maziwa yakitoka, na pembeni yake wanawake wengine wakinyonyesha. Wanamwambia akakae mwezi mzima mle ndani asubiri. Akasema, "Nitakwenda, wifi. Ila usinisukume. Niache nitembee mwenyewe."

Miezi yote hii nimemwona mzembe. Nimemsaidia kuosha vyombo. Naona aibu hata kuiandika.

Alhamisi, 11 Aprili

Kaka amekubali wasingoje maharage. Fundi ndiye amewazuia. Anasema daraja kwa mtu mmojammoja bado linafaa, lakini kwa machela, watu wanne kwa pamoja na mgonjwa juu, anataka kwanza abadilishe gogo. Ameomba wiki moja. Wataondoka Alhamisi ijayo, tarehe kumi na nane, jua litoke lisitoke. Amechonga machela mpya ya miti miwili na turubai, akailalia mwenyewe kuijaribu, na Wifi akamwambia asilale, itanuka gundi na tumbaku.

Nilimwona akiigonga miti yake mmojammoja na kutega sikio, na safari hii sikuona kuwa anajionyesha.

Jumapili, 14 Aprili

Jua, nusu siku. Kisha mvua.

Jumatano, 17 Aprili

Naandika ya jana. Mwandiko ni mbaya, atakayesoma anisamehe, na Mungu asijaalie mtu kusoma.

Jana alfajiri Wifi aliamka na damu. Siyo uchungu wa kawaida, damu, na tumbo gumu kama ubao. Kaka alikuja mlangoni kwangu akasimama tu. Saa kumi na mbili na nusu walikuwa njiani: wanaume wanne wa machela, Kaka mbele akishika njia, Fundi nyuma na kamba begani. Wifi alikuwa amefunikwa turubai hadi kidevuni. Alinishika kidole akaniambia, "Sasa ndio unisukume."

Mimi na Baba tukaenda Jiweni. Mvua ilikuwa nyepesi, na bonde likifunguka na kufunga kwa ukungu. Nilimwita Mama Ng'ambo, nikamwambia mgonjwa anashuka, atume watu na gari hadi mtoni. Akaitikia. Nikajisikia vizuri kidogo. Kisha tukakaa zaidi ya saa mbili tukitazama mahali ambapo hapakuwa na cha kutazama.

Kama saa tatu ukungu ukafunguka, nikawaona wamefika Pumzikoni. Wadogo sana, machela chini, watu wamesimama wakitazama juu wakisubiri neno. Maji yalikuwa yamepanda lakini magogo yalionekana. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Ndipo Mama Ng'ambo akaita kutoka upande wake, na sauti yake nilijua mara moja ina jambo.

"Nguzo imeliwa," akaita. "Bakini."

Nguzo ya ng'ambo. Sisi upande ule hatuuoni, yeye anauona. Bakini. Nilichotakiwa kufanya ni kurudia neno lake hilohilo. Mtoto wa darasa la kwanza angeweza. Nikageuka Pumzikoni, nikafungua kinywa, na kilichotoka ni kile ninachokisema kila siku ya maisha yangu mbele ya ubao.

"Msivuke," nikaita. "Msivuke."

Baba alinikamata mkono. Midomo yake ilikuwa inatikisika, lakini hakuna kilichotoka, mluzi tu. Alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana, na nikaelewa. Nikaita "bakini" mara tatu, mara nne, hadi koo likachubuka. Lakini walikuwa wameshainua machela. Walikuwa wameshapita kona kuelekea kwenye maji, ambako hakuna asikiaye.

Nikawaona wakiingia darajani. Kaka, kisha machela. Ukungu ukafunga. Baadaye kidogo tukasikia mlio, mmoja, wa kitu kikubwa kinachokatika. Halafu mvua ikaanza upya na hatukusikia kingine, wala Mama Ng'ambo, wala chochote.

Baba alikaa chini juu ya Jiwe, kwenye maji. Nilimwambia, Baba nyanyuka. Hakunitazama.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua ya mawe, kisha mvua. Nimeita tangu asubuhi. Hakuna jibu. Mvua ikiwa kubwa hivi hata Baba na sauti yake ya zamani asingefika.

Jirani ameshuka mtoni na kurudi. Daraja hakuna. Limebaki gogo moja upande huu, limeinama majini. Hakuona mtu. Kando ya maji ameokota kofia ya Fundi. Amenikabidhi mimi, sijui kwa nini mimi.

Leo ndiyo ingekuwa Alhamisi yenyewe.

Ijumaa, 19 Aprili

Mvua. Nimewaambia watoto wabaki nyumbani. Nilitumia neno hilo, wabaki.

Kila mtu anajua daraja limevunjika. Hakuna anayejua nilichokiita, isipokuwa Baba, na Baba hana sauti. Nimelifikiria hilo na nimejichukia kwa kulifikiria. Wanakijiji wanakuja kukaa nasi, wanasema mwitaji aliona magogo yako sawa, akawaruhusu, angejuaje kuwa daraja litakatika? Nawamiminia chai.

Jumamosi, 20 Aprili

Saa nne asubuhi mvua imekata. Tulikuwa Jiweni, mimi, Baba na nusu ya kijiji. Niliita jina la mlima wetu, nikalisikia likirudi, kisha kimya. Kisha Mama Ng'ambo.

"Mama mzima."

Yeye huita polepole, kila neno peke yake.

"Mtoto mzima. Wa kike."

Watu wakaanza kukumbatiana, nikawapungia mkono wanyamaze, maana nilisikia bado hajamaliza.

"Fundi, mkono."

Nikaita, mkono una nini. Akarudia lilelile: "Mkono." Mwitaji husema kilichopo. Nimekaa chini pale pale na kulia, na watu wakanipigapiga mgongoni, wakidhani ni furaha, na ilikuwa furaha pia.

Jumanne, 23 Aprili

Mvua. Nimekula vizuri kwa mara ya kwanza.

Jumapili, 28 Aprili

Sauti ya Baba inarudi, ya kukwaruza. Neno la kwanza aliloniambia mimi peke yangu, tukipalilia, ni kwamba yaliyopita si ndwele. Nilisubiri aendelee, tugange yajayo, hakuendelea.

Nimewaza methali hiyo siku nzima. Kwangu imefika kama zinavyofika zote kutoka Jiweni, imeliwa katikati. Yaliyopita ndwele.

Jumapili, 12 Mei

Kaka amerudi peke yake, kupitia kamba mpya waliyoivuta wenyeji wa ng'ambo. Amekonda. Amesimulia mbele ya watu wote uani, naye si msimuliaji, lakini leo alisimulia.

Anasema Pumzikoni Wifi alikuwa ameshaacha kujibu. Wao walisita, maji yalisikika makubwa. Ndipo likaja neno kutoka Jiweni, mvuke. Wakavuka. Machela ilifika ukingoni, Fundi akiwa bado nyuma anashikilia kamba, na gogo likaondoka chini ya miguu yake. Alining'inia kwenye kamba ya chuma, mkono wa kulia ukabanwa kwenye nguzo iliyokuwa inaanguka. Walimvuta. Amekatwa vidole vitatu. Gari lilikuwa tayari linasubiri. Daktari akasema wangechelewa nusu saa nyingine, angewakabidhi maiti mbili.

Kisha Kaka akanigeukia mbele ya wote. Akasema yeye angekuwa Jiweni asingethubutu, maji yale. Akasema, "Dada, ulitupa moyo." Na kwamba mtoto wodini wauguzi wamemzoea kwa jina la utani, na yeye na mama yake wameona libaki hilohilo. Wanamwita Mvuke.

Watu walicheka na kushangilia. Nikasema nakwenda kuangalia maji ya chai. Nimekaa jikoni hadi yakakauka. Vidole vitatu vya seremala, vya kulia. Ningekuwa na ujasiri ningesimama palepale uani na kusema. Sikusimama.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua nyepesi. Baba ameanza kuwafundisha watoto wa darasa la nne kuita. Anawaambia Jiweni hakuna "si". Hakunitaja. Lakini aliposema hivyo alitazama kwingine.

Jumamosi, 25 Mei

Wamerudi. Wifi amepanda mlima kwa miguu yake, polepole, mtoto mgongoni mwa Kaka. Mvuke ni mdogo, amekunja uso kama anadai kitu. Nimembeba hadi wakaninyang'anya. Wifi ameniuliza kama daftari limejaa. Nimemwambia bado kurasa chache.

Fundi alikuja nao. Mkono uko kwenye kitambaa, mweupe, mkubwa. Nilimpa kofia yake. Akaivaa kwa mkono wa kushoto, ikakaa upande, akaiacha hivyohivyo.

Alasiri nilimfuata kwenye banda lake. Alikuwa amekaa juu ya benchi akitazama randa iliyoning'inia ukutani. Sikuwa na utangulizi. Nilimwambia kwamba sikuita mvuke. Mama Ng'ambo alisema bakini, nikaita msivuke, kwa ujinga wangu na kiburi cha chuoni, baada ya Baba kunionya maisha yangu yote, na upepo ukaila "si", na vidole vyake ni juu yangu. Nilisema yote kwa pumzi moja, kwa sababu nilijua nikituliza pumzi nitaacha.

Nilidhani atanifukuza.

"Nilisikia," akasema.

Sikuelewa. Nikamuuliza alisikia nini.

"Msivuke. Mara mbili. Ile 'si' uliivuta kabisa." Akajigusa sikio. "Kaka yako aliniuliza mimi, amesemaje? Wote wakanitazama mimi, wanayajua masikio yangu. Mimi nikatazama chini ya machela. Turubai lilikuwa linadondosha damu, Mwalimu. Nikawaambia, amesema mvuke."

Nikamuuliza kwa nini. Nakumbuka niliuliza kwa hasira, na hasira ile mpaka sasa sijui ilikuwa ya nini. Siku thelathini na tisa nimebeba kitu kisicho changu. Akaniambia kwamba daraja alilijenga yeye na alilijua, lilikuwa limebakiwa na mvuko mmoja. Hesabu yake ilikuwa sawa, ila alijisahau kujihesabu mwenyewe. Na wenzake walimwamini papo hapo, kwa sababu mlima mzima ni mtu mmoja tu anayesema "mvuke".

"Ungeita bakini," akasema, "nisingekuwa na la kufanya nalo. Neno halina pa kukata. Tungebaki."

Nikakaa kwenye benchi, upande wa pili wa kitambaa cheupe. Nje Baba alikuwa akiwakemea watoto Jiweni. Nikamwambia Fundi kwamba watu wote wananishukuru mimi, na Baba ananionea haya, na vyote viwili ni vyake yeye. Akasema shukrani nikae nazo, yeye mikono yake imejaa, na akautazama ule mkono akacheka peke yake. Kisha akaacha kucheka. Akasema akiwa wodini alikuwa akiamka na kusikia sauti yangu ikiita vilevile, kamili, na yeye akiikata.

"'Si' yako haikupotea mtoni," akasema. "Ninayo mimi."

Jumapili, 2 Juni

Mvua imekwisha, naona. Siku tatu za jua mfululizo, sasa ndiyo zinakuja.

Sijamwambia Baba. Nimewaza nimwambie, kisha nimewaza angelazimika kuwaambia watoto nini. Kanuni yake ni ya kweli. Ameisema kwa miaka thelathini na haijamwangusha mtu. Acha aendelee kutazama kwingine.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi amekuja shuleni baada ya watoto kuondoka. Anataka kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, ili aweze kuweka alama kwenye mbao na kusaini. Nikampa chaki. Akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa kidevu, akaivunja chaki ya kwanza na ya pili. Nilimwambia aanze na a, e, i, o, u. Akasema yeye si mtoto, ataanza na neno.

Akaenda ubaoni. Alichukua muda mrefu sana, akiandika, akifuta kwa kiwiko, akiandika tena, ulimi nje. Nilikaa nyuma yake sikumharakisha. Alipomaliza akasogea pembeni ili nione. Herufi zilikuwa kubwa, zimelalia upande, zinapanda mlima kutoka kona moja ya ubao hadi nyingine.

*Msivuke.*

Hakunitazama. Aliuliza kama amepatia.

Nilisimama nikaisoma herufi kwa herufi, kama ninavyofanya kwa kila mwanafunzi. Nikaweka kidole kwenye s, nikaweka kwenye i. Kisha nikachukua kifutio, nikafuta ubao wote, taratibu, hadi ukawa mweusi.

"Hakuna kosa," nikamwambia.

"Hamna," akasema Fundi, na sikumsahihisha.